Wachagua Mabamba: Uainishaji wa Awali kutoka Mlali

Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ujenzi wa mkoa mzima umepamba moto, na hapa Mlali, wilayani Kongwa, mazungumzo ya jioni yamepata mada mpya: bamba la kwatzaiti kwa ajili ya kaunta ya jikoni. Uchunguzi wetu, uliofanyika zaidi kwa kutega sikio, umebaini jamii nne za wachaguzi.

Ya kwanza ni Wapendarangi. Huja na picha kwenye simu: jiwe jeupe, mishipa ya kijivu. Aina ya jiwe hawaulizi. Kwa kuwa marumaru nayo ni nyeupe yenye mishipa ya kijivu, jamii hii ndiyo riziki ya muuzaji.

Ya pili ni Wagongaji. Hugonga bamba kwa kifundo cha kidole, husikiliza, hutikisa kichwa. Walichosikia bado hakijabainika kitaalamu.

Ya tatu ni Wenye Ndimu, wasioachana na kipande cha kioo. Hawa wanajua kwamba kwatzaiti ni jiwe la mchanga lililopikwa na joto na mgandamizo ardhini, hata ugumu wake ukafika 7 katika kipimo cha Mohs. Kioo kina kama 5.5, marumaru 3. Kwatzaiti hukwaruza kioo, marumaru haiwezi. Ndimu nayo huila marumaru iliyong'arishwa, ikaacha doa lililofifia. Kwatzaiti haishtuki, ingawa hunywa mafuta isipopakwa dawa ya kuziba vitundu. Wakiambiwa "hii ni kwatzaiti laini," huaga kwa adabu.

Ya nne ni bibi zetu wa Kigogo, waliochagua mabamba ya ndani kabla ya kaunta kuzaliwa. Lao ni jiwe la kusagia uwele. Kipimo ni kimoja: saga, songa, tafuna. Ugali ukilia mchanga, jiwe linatupwa nje. Uso ukilainika kwa kazi, hugotwagotwa upya upate meno. Yaani ule mng'ao unaolipiwa mjini, kwao ni ubovu.

Pendekezo: kabla ya kutoa malipo ya awali, omba kipande kilichobaki kwenye ukataji, ukakijaribu kwa ndimu, kioo na bibi. Muuzaji akikataa kukitoa, usihangaike kumtafutia jamii. Amekwisha kujiainisha mwenyewe.