Vivungulio vya Kondele: Jaribio la Uainishaji

Taaluma ya kuainisha mimea ina deni kubwa kwa nyumba za vioo. Miaka mingi kabla ya kuchapisha Species Plantarum mwaka 1753, Carl Linnaeus alikuwa ameajiriwa huko Uholanzi na tajiri George Clifford, mwenye vivungulio vya kifahari katika shamba la Hartekamp. Mgomba ulipochanua humo, Linnaeus aliuandikia kijitabu kizima mwaka 1736. Mkazi wa Kondele, hapa Kisumu, ambaye mgomba huchanua nyuma ya bafu lake bila kuandikiwa hata barua, amvumilie tu. Kila taaluma huanza kwa kushangaa jambo ambalo mtu wa mahali pengine hulipita akienda dukani.

Warumi walitangulia hata hapo. Mwandishi wao Pliny anasimulia kwamba Kaisari Tiberius alipenda matango kiasi kwamba watunza bustani wake waliyapanda kwenye vitanda vyenye magurudumu. Jua likitoka, vitanda vilisukumwa nje. Siku za baridi, vilifunikwa kwa mawe yapitishayo mwanga. Basi tangu Roma hadi Hartekamp fasili ni moja: kivungulio ni kifaa cha kuzuia baridi.

Hapa ndipo mtafiti wa Kondele anapokwama. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, mita elfu moja na mia moja hivi juu ya usawa wa bahari, na theluji tunaijua kwa picha za kalenda. Hata hivyo, ukitoka mzunguko wa Kondele kufuata barabara ya Kibos, au ukipanda kuelekea Mamboleo, utaona nailoni ziking'aa nyuma ya nyumba za watu. Zinazuia nini?

Watangulizi wangu katika fani hii, hasa mzee mmoja wa Migosi mwenye kauli nzito, huainisha vivungulio kwa nyenzo: vya vioo, vya nailoni, vya neti, vya gunia. Mfumo huo haufai kitu. Unamwambia mtu amenunua nini, haumwambii kwa nini amenunua. Mimi napendekeza viainishwe kwa adui anayezuiliwa.

Ngeli ya kwanza ni Kivungulio cha Fahari, Nailonia kondelensis. Hutambulika kwa mabomba ya chuma au nguzo za mbao, upana wa mita 8 kwa urefu wa mita 15, mipira ya matone, tangi lililoinuliwa juu ya jukwaa, na mwenye nyumba anayempeleka kila mgeni kuliona kabla hajamkaribisha kiti. Adui wake rasmi ni mvua. Dai hilo lina ukweli: mvua za Machi hadi Mei hulowesha majani ya nyanya, na ugonjwa wa bakajani hupenda majani yaliyolowa. Shida ni kwamba nailoni ikizuia mvua hufungia joto pia. Joto la mchana likipita nyuzi 35 hivi, chavua ya nyanya hudhoofika na maua hupukutika kabla ya kushika tunda. Mchana wa Februari hapa Kisumu nje tu unatokwa jasho; ndani ya nailoni iliyofungwa pande zote, hata fundi aliyeijenga haingii kudai salio lake. Kwa hiyo mwenye mali hukunja pande, huweka neti, hutoboa tundu la hewa kwenye paa, na mwishowe anabaki na mwavuli wa bei ghali.

Adui wa pili wa ngeli hii yumo ndani tayari, mchangani. Mnyauko wa bakteria hukaa udongoni miaka mingi, na kwa kuwa kivungulio hakihami, nyanya hufuata nyanya palepale, msimu baada ya msimu. Mche unanyauka ungali kijani kibichi, na mwenyewe anazidi kuumwagia maji akidhani ni kiu. Kipimo chake ni rahisi, nami nakipendekeza kwa kila mtu kabla hajamlaumu muuza mbegu: kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe ukiteremka kutoka kwenye shina, acha kumwagilia. Ng'oa, choma, na safari ijayo panda kwenye masanduku ya udongo mgeni, au tafuta miche iliyopandikizwa kwenye mashina yanayostahimili. Au panda sukuma wiki, ambayo haiugui ugonjwa huo na pia haitakufanya uitwe mwekezaji.

Kisha kuna Tuta absoluta, nondo aliyeripotiwa nchini Kenya mwaka 2014, ambaye mabuu wake huchimba mahandaki ndani ya jani la nyanya. Neti ikiwa nzima, habari yake ni ndogo. Ikichanika, kivungulio kinakuwa gesti yake: chakula humo humo, na ndege wa kumla hawaruhusiwi kuingia.

Mzunguko wa maisha wa ngeli hii unastahili kurekodiwa. Mwaka wa kwanza huzaa nyanya na picha za simu. Baadaye jua huikausha nailoni mpaka ikapasuka. Vipande vyake huenda kuanikia omena, nguzo huwa banda la kuku, tangi hurudi jikoni. Hakuna kinachopotea ila mkopo.

Ngeli ya pili ni Kivungulio cha Neti. Adui wake ni kuku. Kuku wa Kondele hana mwenyewe mpaka agongwe na bodaboda. Hapo hujitokeza wenyewe watatu. Dhidi ya kiumbe huyu vijiti vinne na neti kuukuu hutosha, na kivuli chake hupunguza ukali wa jua la mchana. Chini yake hustawi mboga za kienyeji ambazo Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha hapo jirani Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, amezitetea katika utafiti wake wote: osuga, dek, apoth, mitoo, ododo. Ododo huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Osuga ukiichuma ncha, hutoa matawi mapya. Dek hukimbilia kutoa maua, hasa ikikosa maji, basi yavunje maua hayo mapema nawe utazidi kupata majani. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyowahi kudai nailoni. Zinadai ua, samadi, na maji mwezi wa Januari, wakati mfereji unapokoroma usiku kucha bila kutoa hata tone.

Ngeli ya tatu ni Gunia, na adui wake ni lendilodi. Mpangaji wa chumba kimoja hana ardhi, lakini ana mlango, na mbele ya mlango gunia husimama. Ujenzi wake una ustadi: kopo lisilo na kitako huwekwa katikati na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na samadi hushindiliwa pembeni, kopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lote liwe na mgongo wa kokoto wa kushusha maji hadi chini. Ubavuni hutobolewa matundu ya sukuma. Maji ya kuoshea mchele yanatosha. Miche, baada ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017, ilihamia kwenye chupa zilizokatwa na makopo, na haikulalamika. Lendilodi hawezi kulitoza kodi kwa sababu si jengo, na akitoa notisi, hubebwa hadi mtaa wa Manyatta pamoja na mboga zake. Hoja yangu kuu ndiyo hii: kati ya vivungulio vyote vya Kondele, ni gunia pekee linalosukumwa juani na kurudishwa, kama vitanda vya Tiberius. Nailonia imejipa jina tu.

Lazima nikiri ubora mmoja wa nailoni, maana haki ni haki. Kondele ina misimu miwili ya mvua, na msimu wa tatu usiofuata kalenda ya wakulima, ambao vijana huziba barabara kwa mawe na polisi hujibu kwa moshi wa kutoa machozi. Siku hiyo neti na gunia havina msaada. Aliye na nailoni hushusha pande zake na kuingia ndani mwenyewe.

Imebaki ngeli ya nne, ambayo katika ploti yetu ina mwanachama mmoja. Hana nailoni, hana neti, hana gunia. Anajua nani amemwagilia jana, nani anavuna Jumatano, na nani amerudi kutoka soko la Kibuye Jumapili na kikapu kizito. Kwa kipimo chochote cha kitaaluma, ndiye mtu pekee hapa anayekula mboga mbichi mwaka mzima. Nimeshindwa kumwainisha, maana mfumo wangu unategemea kinachozuiliwa, na huyu hakuna kivungulio kilichowahi kumzuia. Nilipokuwa naandika aya hii alibisha hodi.

"Jirani, leo nichumie osuga. Dek yako naona bado changa, nitaijia Ijumaa."