Milimita 67 za Kidatu

Mtu akikukuta umechuchumaa kando ya Reli ya Kati pale Vingunguti, futikamba mkononi na daftari mapajani, hawezi kudhani unatengeneza treni ya nyumbani. Anawaza bomoabomoa. Wakazi wa Dar es Salaam wameshajua mfuatano wake: anaanza kuja mtu wa kupima, halafu mtu wa rangi nyekundu, mwisho greda. Mimi nilikuwa napima nafasi kati ya taruma na taruma. Nilipoinua kichwa, mama wawili walikuwa wamenisimamia, mmoja kashika risiti za kodi ya jengo zilizofungwa kwa mpira.

"Shikamoo mhandisi," akaniambia, ingawa kwa umri yeye ndiye wa kuamkiwa. "X mnaanza kuweka lini?"

Nikamweleza kwamba mimi si mhandisi, natengeneza treni ndogo ya kuweka sebuleni. Akamgeukia mwenzake: "Unaona? Hawasemagi."

Haikuchukua muda akafika mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akadai barua. Barua sina. Nikachomoa mfukoni behewa langu la mizigo, dogo kuliko kiganja, nikamkabidhi. Akaligeuza, akazungusha gurudumu kwa ukucha, kisha akanitazama kuanzia viatu mpaka kipara.

"Una watoto?"

Ninao.

"Wanajua?"

Mchezo huu unakwenda kwa skeli. Yangu ni 1 kwa 87, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 87. Hata hivyo, reli ya kutoka Dar hadi Kigoma, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Ziwa Tanganyika mwaka 1914, bado ingetaka kilomita 14 na ushee. Ningeanzia Stesheni, nikapita uwanja wa ndege, na Kigoma bado sijaiona. Mke wangu, Mama Nuru, alinipa ukuta mmoja, ule wa nyuma ya kochi. Ikabidi nichague stesheni moja tu, na kwa kiherehere changu nikachagua Kidatu.

Kidatu ndipo reli zetu mbili zinapokutana na kushindwa kuungana. Tawi la Reli ya Kati linateremka kutoka Kilosa likiwa na upana wa mita moja kamili. Upande wa pili ipo TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Hiyo ina milimita 1,067, upana wa reli za kusini mwa Afrika, ili treni ikivuka mpaka iendelee na safari ndani ya Zambia bila kuuliza. Tofauti ni milimita 67. Kwa ajili ya hizo 67, mzigo umekuwa ukishushwa behewa hili na kupakiwa lile, gunia kwa gunia, kontena kwa kontena. Hapo ndipo penye utamu, nikasema, nitajenga hapo.

Kumbe viwanda vya treni ndogo vimeshaimaliza Kidatu zamani. Kwa skeli yangu, reli ya mita moja inatakiwa iwe na upana wa milimita 11.5, na ya TAZARA 12.3. Wao wanaona huo ni usumbufu, wanauza ya milimita 12 kwa zote mbili, hasa kwa wapenzi wa treni za milima ya Uswisi. Ukiwafuata, behewa la Kigoma linateleza hadi Zambia bila breki, na wapakiaji wa Kidatu wakalale.

Nilimweleza hayo mzee mmoja mstaafu wa reli aliyekuja kunitembelea. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena akainamia kazi yangu, na kicheko kikakatika.

"Haya mataruma ni ya nini?"

Ya mbao, mzee. Kiwanda kimechora mpaka nyuzi za mbao kwenye plastiki.

"Reli ya Kati ni chuma, mwanangu. TAZARA ni zege. Hii yako ya mbao, mchwa wa Kilosa wako likizo?"

Basi nikashika msasa, nikafuta nyuzi taruma moja baada ya jingine. Vumbi la plastiki ni jepesi na linapenda kusafiri. Lilisafiri hadi kwenye ungo ambao Mama Nuru alikuwa anapepetea mchele. Usiku huo tulikula ugali, kimya.

Ikabaki tofauti ya upana: milimita 0.77. Nilisaka nyumba nzima kitu chenye unene huo cha kupimia, nikakikuta kwenye pochi. Kadi ya benki, kwa viwango vya kimataifa, ina unene wa milimita 0.76! Sijui kama waliovitunga walikuwa na Kidatu mawazoni, lakini kadi niliyokuwa nailalamikia kila mwezi ilikuwa imebeba siri ya reli zetu. Kipande cha chuma cha milimita 11.5 kikapima Reli ya Kati. Kile kile, pamoja na kadi ubavuni, kikapima TAZARA. Nikabana, nikatia supaglu, nikangoja ikauke. Reli ilikauka. Kadi nayo ilikauka, humo humo.

Jumatatu Mama Nuru aliiulizia kadi. Nikamwonyesha nyuma ya kochi. Akainama, akatazama muda mrefu kuliko hata yule mzee.

"Kwa hiyo ada ya Nuru iko Kidatu."

Benki nikapewa fomu ya kuomba kadi mpya. Sababu: imepotea, imeibwa, imemezwa na mashine, nyinginezo. Kwenye nyinginezo nikaandika, "Imenasa relini." Dada wa dirishani akaisoma, akainua uso, akashika kifua.

"Jamani, pole kaka! Kuna waliofariki?"

Nikamwambia hapana, ila mataruma mawili yamevunjika.