Kikombe cha Kuonja

Milimani, hapa Kisumu, kuna mabwana ambao kwao chai ya maziwa imebaki ya fundi na askari wa geti. Wao wana mashine ya espresso, na mashine ina mizani yake: gramu 18 za kahawa, presha ya baa 9, sekunde 25 hadi 30. Mbuta, samaki wa ziwani, pale Dunga bado ananunuliwa kwa jicho na mabishano.

Kopo la kahawa yao limeandikwa Kiitaliano. Ndani huenda kukawa na robusta ya Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, maana Italia ni mnunuzi mkubwa wa kahawa ya huko. Imeshuka Mombasa, imevuka bahari, imekaangwa, imerudi na lafudhi. Ya Kisii, iliyo karibu kwa matatu, haina hadhi: kwao panajulikana mno.

Mgeni kutoka mtaa wa Kondele anapewa kikombe cha ukubwa wa kizibo. Anakimaliza kwa funda moja, anangoja.

"Asante, omera. Nimeshaonja. Sasa lete."

Kisha stima inapotea. Sufuria inatoka kabatini, na bwana mkubwa mwenyewe anauliza tangawizi iko wapi.