Jinsi ya Kumtunza Shabiki wa Spurs Mpakani

Shabiki wa Arsenal hatafutwi mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Yupo juu ya bodaboda, yupo kwenye kibanda cha M-Pesa, yupo forodhani akingoja karatasi zigongwe muhuri. Wa Tottenham ndiye adimu, na bila yeye dabi ya London Kaskazini ni kikao cha watu waliokwisha kukubaliana tangu asubuhi. Kelele zipo, mtani hayupo. Kwa hiyo ukibahatika kumpata mmoja, awe wa upande wetu au wa ng'ambo, huyo ni mali. Mtunze.

Kwanza umpate. Usiulize nani anashabikia Spurs, maana swali hilo hujibiwa kwa kicheko na unayemtaka hujificha. Uliza nani ana jezi ya Wanyama. Victor Wanyama alipotoka Southampton kwenda Tottenham mwaka 2016 aliwatia watu wa huku majaribuni. Kina Wanyama wamejaa Busia na Bungoma, na ukivuka mpaka unawakuta wengine. Tena baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, yaani Ingwe. Sasa mtu aliyelelewa na Ingwe, na ambaye miaka yote amekuwa Arsenal, afanyeje akiona jina la nyumbani mgongoni mwa jezi ya wapinzani, namba 12? Wengine walihama. Kuna waliorudi Wanyama alipoondoka mwaka 2020. Waliobaki ndio unaowatafuta: walikuja kwa ajili ya kijana wao, wakakaa kwa ajili ya timu. Nawaheshimu sana hao, kwa sababu hakuna aliyewalazimisha kubaki na raha zenyewe zilikuwa chache.

Ukishamkalisha, mwache aanze yeye. Ataanza na historia, na historia iko upande wake. Atasema Arsenal ni wahamiaji. Usibishe. Klabu ilizaliwa Woolwich mwaka 1886, kusini mwa Mto Thames, na mwaka 1913 ikavuka mto ikajenga Highbury, kilomita sita hivi kutoka uwanja wa Spurs, klabu iliyokuwapo kaskazini tangu 1882. Hapo mkumbushe anayasemea wapi hayo. Malaba mpaka wenyewe ni mto, na Wateso wako kando zote mbili. Busia watu huvuka kila siku kwenda kununua, kuoa na kuzika. Kwetu hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kuvuka. Hoja hii humnyamazisha kwa muda mzuri, hasa kama mama yake alitoka Tororo, ng'ambo.

Kisha ataleta kura ya mwaka 1919. Ligi iliongezwa timu baada ya vita. Spurs, waliokuwa wameshika mkia mwaka 1915, waliomba kubaki, na Arsenal waliokuwa wa tano katika daraja la pili wakapandishwa kwa kura 18 dhidi ya 8 za Spurs. Kwa hilo huna jibu. Mwongezee chai.

Zamu yako ikifika, usimmalize. Unazo silaha nyingi kuliko unavyohitaji: ubingwa wa 1971 na wa 2004, mara zote mbili ukitwaliwa White Hart Lane, ndani ya uwanja wao, Sol Campbell aliyehamia kwetu bure mwaka 2001, na Eberechi Eze, aliyekuwa karibu kabisa kusajiliwa na wao, akaja Arsenal na kuwafunga mabao 3 katika ule ushindi wa 4-1 wa Novemba 2025. Tumia moja kwa kila mechi. Anayezimwaga zote siku moja hubaki na mtu anayetazama simu. Na yeye mwachie zake: mwaka 2017 walipomaliza juu yetu kwa mara ya kwanza katika miaka 22, na kombe la Europa walilolichukua Bilbao mwaka 2025. Akitaja Bilbao, sikiliza hadi mwisho. Alingoja sana.

Saa nazo ziangalie. Waingereza hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo mechi iliyokuwa ikianza saa kumi na mbili unusu jioni kwetu sasa inaanza saa moja unusu. Kenya na Uganda saa ni moja, hivyo huyo wa ng'ambo hana kisingizio. Kila mmoja awe na kitambulisho mfukoni: stima ikipotea upande huu, inabidi kuvuka, na kitambulisho cha taifa kinatosha.

Ila mkivuka, sherehe irudi nyumbani. Januari 2023 polisi wa Uganda waliwakamata mashabiki 8 wa Arsenal huko Jinja, walioandamana barabarani na kikombe cha kuigiza baada ya timu yao kuifunga Manchester United 3-2. Jinja iko kwenye barabara hiihii yetu. Mpinzani wako asije akalala korokoroni kwa sababu ulimvuta kwenye msafara usiomhusu.

Malaba kuna kanuni zake. Huko kibanda cha mpira hujaa madereva ambao malori yao yako kwenye foleni, na hujui jirani yako kwenye benchi ametoka wapi. Mkono wa jezi ya Arsenal ulianza kubeba jina la Rwanda mwaka 2018. Dereva wa Kigali ataupigapiga kwa furaha. Dereva wa Goma ana maumivu yake ya vita, na serikali ya nchi yake, Kongo, iliiandikia klabu mwaka 2025 ikitaka tangazo hilo liondolewe. Utani wote ni halali pale isipokuwa wa mkono huo. Mashabiki wa Spurs, kwa kuwa hawamo katika jambo hilo, hufaa sana kukaa katikati ya hao wawili.

Baada ya mechi, kama ni kwa Wateso, chungu cha ajon kikiwa tayari, mpe mrija na nafasi mbele yako. Watu wanaonywea chungu kimoja hawawezi kununiana muda mrefu, kwa sababu mmoja akiondoka kwa hasira mwenzake anamalizia pombe.

Dau liwe kreti ya soda, na mseme mapema ni soda ya wapi na shilingi ya nchi gani. Shilingi moja yetu ni zaidi ya 20 za Uganda, na urafiki wa miaka unaweza kuvunjwa na neno "elfu". Ukishindwa, lipa usiku uleule, mbele ya waliosikia. Akishindwa yeye, mpe hadi mwisho wa mwezi.

Na akipata uhamisho wa kikazi kwenda Mombasa, msindikize hadi kwenye basi, halafu kabla mlango haujafungwa muombe namba ya simu ya shabiki mwenzake wa Spurs aliyeko Sofia, hapa mpakani.