Mchukuzi wa Namba Nane

Wanaume wa rika la jirani yangu, hapa Norfolk, mashariki ya Uingereza, wakishastaafu hushikwa na maradhi mawili: goti na mnada. Goti lina dawa. Mnada hauna. Wengine hununua saa, wengine stempu, vitu ambavyo mtu huvichungulia chumbani kwake bila kumsumbua mwenziwe. Huyu wangu ananunua bunduki za kale za marisawa, tena si zile za kufukuzia kunguru shambani. Anataka zenye tundu la kupita kungumanga.

Hesabu yake nimeelezwa mpaka nimechoka, nawe msomaji itabidi uchoke kidogo. Chukua ratili moja ya risasi, iyeyushe, igawe gololi zilizo sawa. Zikitoka 12, basi bunduki ambayo mtutu wake unapokea gololi moja kati ya hizo ni namba 12, ndiyo waliyonayo wakulima wote wa huku. Zikitoka 8, kila gololi ina wakia mbili. Hiyo namba nane. Zikitoka 4, kila moja ni robo ratili, na hiyo namba nne tundu lake limevuka inchi moja. Kwa hiyo namba ikipungua bunduki inanenepa, bei nayo inanenepa, na anayekonda ni mbebaji. Mbebaji ni mimi. Yeye ana goti bovu, mimi nina gari lenye buti kubwa, na mama Zuhura siku ya kwanza tulipohamia hapa alimwambia, bila kuniuliza, kwamba Waswahili hatumwachi jirani.

Bunduki ya kawaida ina kilo tatu hivi. Namba nane ya Mzee inakaribia saba, na hapo haijala kitu. Ina mitutu miwili, na inasafiri ndani ya sanduku la mbao na ngozi ambalo nadhani lilitengenezwa na mtu aliyekuwa na watumishi wengi.

Sheria yenyewe ina vituko. Ikining'inia ukutani kama pambo la kale, serikali haina neno nayo. Siku Mzee akisema anataka kuipiga, bunduki ileile, kwenye ukuta uleule, inageuka silaha: cheti kutoka polisi, kabati la chuma, kufuli. Baruti nyeusi inataka cheti kingine, cha vilipuzi, nayo ina sanduku lake la mbao lenye vyumba vidogo vidogo. Kwetu Handeni, mzee akikutwa na gobore la babu yake, hakuna anayemuuliza kama ni pambo.

Nikauliza, kwa nini asitumie baruti ya kisasa isiyo na moshi? Aliniangalia kama niliyetukana msiba. Mitutu hii, alisema, si chuma cha kumimina. Mafundi walichukua fito za chuma na pua, wakazisokota pamoja, wakazizungushia mtaimbo, wakazifua zikiwa nyekundu mpaka zikawa bomba moja. Ukiipangusa mafuta unaona mistari ya masokoto yake, imepindana toka mwanzo wa mtutu hadi mwisho. Hapo namvulia kofia. Hata mama Zuhura, ambaye hapendi kitu chochote cha nyumba ile, aliitazama muda mrefu. Kisha mitutu ilipelekwa Birmingham, ambako tangu 1813 kuna nyumba ambayo kazi yake ni kushindilia bunduki za watu baruti kupita kiasi na kuzifyatua. Isiyopasuka hupigwa muhuri. Muhuri wa hii ulipigwa kwa baruti nyeusi, basi ni baruti nyeusi mpaka kiama.

Risasi zake huzipati dukani kirahisi, kwa hiyo anashindilia mwenyewe, juu ya meza ya jikoni, katika maganda ya shaba yanayotosha kunywea kahawa. Baruti, kizibo cha sufi, marisawa, kizibo tena. Na hayo marisawa ni kilio kingine. Tangu 1999 ni marufuku Uingereza kumpiga bata kwa marisawa ya risasi, kwa sababu ndege huokota punje zilizozama matopeni, wakazimeza, wakafa kwa sumu. Sheria nzuri, sibishani nayo. Lakini marisawa ya chuma yanakwangua mitutu laini ya kale. Inabaki bismuthi, madini ambayo mimi nilikuwa nayajua kwenye dawa ya tumbo, na bei yake inalitibua tumbo lenyewe. Namba nane inakula wakia mbili na zaidi kwa mlio mmoja. Mzee akifyatua mitutu yote miwili, kwa siku mbili hatii sukari kwenye chai.

Norfolk hairuhusiwi kupiga ndege wa porini Jumapili, kwa hiyo Jumamosi yangu ndiyo inayoliwa. Msimu ufukweni unakwisha tarehe 20 Februari, maana yake baridi yote ni ya kwetu. Mimi mtoto wa Tanga, maji kujaa na kupwa nimeyajua kabla ya kusoma. Nikamwambia: Mzee, leo ni bamvua, maji haya yakirudi hayasubiri goti la mtu. Akanijibu kwamba bata bukini nao hawasubiri. Basi tunatumbukia gizani, matope mpaka magotini, yeye mbele na kikombe chake cha chai, mimi nyuma na sanduku.

Bukini hao wanatoka Iceland na Greenland, wanakuja kwa maelfu, na alfajiri wanapopita kutoka kwenye maji kwenda mashambani wanapiga kelele kuliko harusi. Mzee anainuka. Anapachika kitako begani. Anafyatua.

Sijui nikuelezeje. Kwanza ardhi. Halafu masikio. Halafu moshi mweupe, mzito, unanuka mayai viza, unatufunika wote wawili tusionane. Na ndani ya wingu hilo inatoka sauti ya Mzee, yenye furaha ya mtoto: "Ameanguka?"

Nitajuaje, Mzee? Mimi mkono wangu mwenyewe siuoni.

Moshi ukiondoka, mbingu ni tupu na Mzee amekaa kwenye matope anacheka, bega analisugua. Siku moja moja bukini anaanguka kweli. Ananipa mimi, kwa heshima kubwa. Nikifika nyumbani mama Zuhura anauliza swali moja tu: nani kasoma bismillahi? Mfyatuaji ni mshiriki wa kanisa la kijiji. Bukini anarudi kwa jirani.

Mzee hupenda kunifariji kwa kunisimulia wakubwa waliotangulia. Samuel Baker, yule aliyefika ziwa Mwitanzige mwaka 1864, alikuwa na bunduki ya kurusha kombora la nusu ratili. Watu wake waliosema Kiarabu waliiita mtoto wa mzinga, na Baker mwenyewe, mtu wa miraba minne, aliiogopa, kwa sababu kila ilipolia ilimzungusha. Frederick Selous, alipoanza kuwinda tembo kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870, alitumia bunduki za bei rahisi za kupigia bata, namba nne, za kushindilia kwa mdomoni. Siku moja ikawa imeshindiliwa mara mbili kwa bahati mbaya. Ilimnyanyua ikamgeuza hewani, akaanguka kifudifudi, na yenyewe ikarukia nyuma yake. Baadaye aliandika kwamba vipigo vya bunduki zile vilimharibia neva na shabaha yake kwa muda wote uliofuata. Ndiye huyo aliyepigwa risasi na Wajerumani Beho Beho, Januari 1917, akazikwa hukohuko, ndani ya iliyo leo hifadhi ya Nyerere.

Namsikiliza Mzee kwa adabu, lakini moyoni nauliza: na walioibeba? Selous kalalamikia bega lake kitabuni. Wenye mabega yaliyoifikisha pale hawakuulizwa. Miaka mia na hamsini imepita, hata nyika tumeiacha tumewafuata kwao, na bado mzigo uko kwangu. Tofauti ni kwamba siku hizi mchukuzi anajinunulia petroli.

Juzi kaniita kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye habari ya ndoa. Kuna namba nne inakuja mnadani. Sikujibu. Akaendelea: nisiwe na wasiwasi, ile namba nane haitapotea, ameshaniandika katika wosia wake, na wakili ameshatia saini. Alikuwa na machozi, wallahi.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu: cheti, kabati la chuma, cheti cha baruti, bismuthi. Nikamweleza mama Zuhura. Aliendelea kukuna nazi.

"Baba Zuhura," akasema, "rudi umwambie ahsante sana, ila badala yake akuachie lile shamba la nyuma. Nipande mchicha."