Jinsi ya Kurekodi Kelele Zitakazodumu Nusu Karne

Kama bendi yenu ina nyimbo saba, gitaa moja linalounguruma na majirani waliokwisha kuchoka, mnacho karibu kila kitu kinachotakiwa. Kilichobaki ni kufuata nyayo za The Stooges, vijana wa Ann Arbor, Michigan, walioingia studio ya kampuni ya Elektra mjini Los Angeles mwezi Mei 1970 wakatoka na *Fun House*. Katika roki ya gereji, sijasikia santuri nyingine yenye mafunzo mengi kiasi hicho.

Tafuteni kwanza mtayarishaji anayewaogopa kidogo. Mtayarishaji wa Stooges, Don Gallucci, ndiye aliyepiga kinanda katika “Louie Louie” ya The Kingsmen, kwa hiyo kelele alizijua tangu ujana. Hata hivyo, alipowaona Stooges jukwaani alihofu kwamba moto ule hautaingia kwenye utepe. Hofu ya namna hiyo ni mali. Mtayarishaji asiyehofu kitu atawasafisha, na akimaliza kuwasafisha hakutakuwa na bendi tena.

Kisha bomoeni adabu ya studio. Kwa kawaida kila mpigaji hutengwa na mwenzake kwa vizuizi vya sauti, ngoma huku, gitaa kule, mwimbaji peke yake akiwa na maikrofoni ya bei mbaya mbele ya pua. Stooges walitoa vizuizi, wakatoa na mazulia, wakapanga vyombo kama wanavyopanga ukumbini, wakapiga wote kwa pamoja. Iggy Pop aliimba akiwa ameshika maikrofoni mkononi, sauti yake ikitokea kwenye spika humohumo chumbani. Ngoma za Scott Asheton zikaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na gitaa la kaka yake Ron likaingia kila mahali.

Mkithubutu hivyo, jueni gharama yake. Sauti zikishaingiliana, hakuna kurekebisha kipande kimoja. Mpiga besi akikosea, wote mnaanza upya. Ndiyo maana nyimbo zile zilipigwa tena na tena, karibu siku nzima kwa wimbo mmoja, hadi upatikane ule uliokaa sawa. Mwaka 1999 kampuni ya Rhino ilitoa vipindi vile vyote vya kurekodi, vikajaza diski saba. Anayedhani kelele ni kazi ya wavivu na asikilize diski hizo saba, ndipo tuzungumze.

Jifunzeni pia kunyamaza. “Dirt” huanza kwa ngoma, besi ya Dave Alexander ikaingia bila haraka, na wimbo ukatembea taratibu kwa dakika saba. Katika “T.V. Eye” bendi husimama kabisa, unadhani wimbo umekwisha, halafu gitaa linarudi lilelile na kukugonga kifuani. Bila pale pa kupumua, ngumi ile isingeuma.

Halafu alikeni mgeni msiyemtarajia. Steve Mackay alichukuliwa pamoja na saksafoni yake muda mfupi kabla ya safari ya Los Angeles, na upande wa pili wa santuri ukageuka kitu kingine. Albamu inafungwa na “L.A. Blues”, karibu dakika tano za mayowe, saksafoni na vyombo vinavyogombana. Kwangu ndiyo tamati pekee iliyofaa; baada ya yote yaliyotangulia, wimbo mtamu ungekuwa uongo.

Sasa jiandaeni kutonunuliwa. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. *Fun House* haikuuzika, na mwaka uliofuata Elektra iliachana na bendi. Alexander alifukuzwa Agosti 1970, mwezi mmoja tu baada ya santuri kutoka, akafariki mwaka 1975 akiwa na miaka 27. Sisemi haya kwa kupamba hadithi. Kijana yule hakuishi kuona besi yake ikiheshimiwa, na hilo linaniuma kila ninaposikiliza “Dirt”.

Ombeni mpate angalau mhakiki mmoja mwenye masikio. Mwaka uleule wa 1970 Lester Bangs aliwaandikia makala ndefu katika gazeti la *Creem*, akawatetea wakati wengi walikuwa wanawacheka. Wengine waliowapenda walijibu kwa magitaa. Mwaka 1977 The Damned wa London walitoa toleo lao la “1970”, na Radio Birdman wa Sydney wakatoa lao la “T.V. Eye”. Mwaka 2010 Stooges waliingizwa katika jumba la heshima la roki la Marekani. Ron Asheton alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa gereji, msingoje studio nzuri. Na wewe usiye na bendi, *Fun House* ina dakika 36 tu: isikilize yote kwa mkao mmoja, sauti ikiwa juu, na majirani uwaombe radhi mapema.