Hotuba ya Bingwa wa Bustani, Iliyotolewa Biryogo, Kigali, Baada ya Umuganda

Ndugu wakazi wa Biryogo, wazee wetu, akina mama, nanyi watoto mliokalia majembe: tulieni. Kwa umuganda, kazi yetu ya pamoja, mitaro tumeizibua; sasa tuzibue akili. Anayesema nanyi ni bingwa wa mimea wa Nyamirambo nzima, cheo nilichojitunukia katika kikao cha mtu mmoja. Akidi ilitimia.

Wapo wanaonong'ona kwamba mtu aitazame kwanza hali ya hewa ya kwake, ndipo apande. Unyonge huo! Mimi nilileta kutoka Pemba nazi moja iliyochipua na miche mitatu ya mikarafuu. Wakaniambia Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Basi? Nazi haijui hesabu. Wakasema usiku hapa joto hushuka hadi nyuzi 15 au 16, na mnazi hutaka joto mchana na usiku. Nikaufunika blanketi. Leo ni mwaka wa sita, mnazi wangu unanifika gotini, una makuti manne ya manjano, na mahasidi wanadai umedumaa. Haukudumaa. Unatafakari.

Mikarafuu haikuwa na subira hiyo. Wa kwanza ulikauka Juni, wa mwisho Agosti. Katika daftari langu nimeandika: "Imehama."

Kuhusu majira, nitasema kwa ufupi. Mvua zetu ni mbili: itumba, Machi hadi Mei, na umuhindo, kuanzia Septemba. Watu wa kawaida hupanda mvua zikianza. Mimi hupanda Juni, jua likianza kuchoma, ili mche uyajue maisha mapema. Huyajua upesi mno.

Sasa mtazameni mama jirani yangu, asiye na cheo wala daftari. Alikata tawi la mti wa umuvumu akalichomeka liwe nguzo ya ua. Nguzo! Ikaota mizizi, ikatoa majani, na leo kivuli chake kimeruka ukuta kikatua juu ya kiti ninachokalia nikiandika tafiti zangu. Kando yake kuna mti mwingine, umuko. Kiangazi unapukutisha majani yote, unawaka maua mekundu, ndege wanagombana humo tangu alfajiri wakinivurugia usingizi. Hajaumwagilia hata kikombe, wakati mimi nimebeba madumu hadi bega limepinda. Je, hiyo ni bustani? Ule ni uvivu: mti uko kwao, unajifanyia kazi wenyewe, mwenye kiwanja anakunywa chai. Ustadi uko wapi hapo?

Na msinitajie mjakaranda kwamba nao ni mgeni, umetoka Amerika Kusini na umestawi. Ule ulikuja bila blanketi, kwa hiyo haumo katika fani yangu.

Maswali? Wewe kijana, shusha mkono. Mama jirani, nawe? La hasha, sikuja kuomba kipandikizi. Ila kama kipo cha ziada, nipitishie kwa mlango wa nyuma, wakati wa magharibi, watu wakishaingia msikitini.